Pua ya Mama Pasi

Mama yangu hawezi kuona kitu cha moto akakiacha hivi hivi. Lazima akitandikie nguo. Birika la chai atalivalisha soksi, boneti ya gari la mgeni ataianikia taulo, na siku moja, Mungu ni shahidi, nilikuta leso yake imelazwa juu ya redio, eti redio ina kajoto. Alikuwa dobi kwa miaka arobaini. Mtaa mzima unamwita Mama Pasi, na wengi nadhani jina lake la kwenye cheti hawajawahi kulisikia.

Anaishi chumba cha uani, nyuma ya nyumba yangu. Hatua nne kwa tatu, dirisha moja, kitanda chini ya dirisha, na katikati meza ya pasi iliyochoka miguu kama mwenyewe. Kazi kubwa ameacha, ila wateja watatu wa zamani bado wanamletea mashati, kwa sababu kola akiinyoosha Mama inasimama yenyewe. Hapimi pasi kwa namba zilizochorwa pale juu. Anasogeza mgongo wa mkono karibu na chuma, ananusa, kisha anasema, "Bado," au, "Haya, twende." Mimi, bintiye, nimerithi mdomo wake tu. Pua hakunipa.

Mwaka huu baridi ya miezi ya ukungu ilimkamata kifua. Alikuwa akijipasha kwa jiko la makaa ndani ya kile chumba, mlango umefungwa! Daktari alipojua alimtazama kama mtu aliyekula sumu akaomba nyongeza. Jiko likapigwa marufuku siku ileile. Kaka yangu mkubwa, anayeishi mji mwingine kwenye ghorofa ya tatu, akapiga simu.

"Chumba kile ni friji," akasema. "Jumamosi nakuja na gari. Nikikuta hakina joto, au kina joto la hatari, naondoka na Mama. Sitaki ubishi."

Nikamweleza Mama. Hakulia wala hakubisha. Akaendelea kukunja shati alilokuwa nalo, kisha akauliza, "Huko ghorofani, nguo nitazianika wapi?"

Basi roho ikaniuma. Nilijua kaka akimpeleka kule atakaa kwenye kochi, ataangalia televisheni, na atakwisha.

Jumatano nikaenda duka la vifaa vya umeme kutafuta hita. Muuzaji, mzee mmoja asiye na haraka, akaniuliza ukubwa wa chumba kwanza, na nilipomwambia akasogeza pembeni lile dude kubwa nililokuwa nimelikodolea macho. "Hilo la ukumbi," akasema. "Kwa chumba chako wati elfu moja zinatosha." Akanionyesha mbili. Ya kwanza ilisimama kwa miguu, ina matundu chini na juu: hewa baridi inaingia chini, inapata joto, inatokea juu. Hiyo hupasha chumba upesi. Ya pili ni bapa, ya kufungwa ukutani. Haina papara, lakini ikishapasha inatulia, haichukui nafasi sakafuni na hakuna wa kuipiga teke. Mimi ya ukutani niliiona inataka fundi, na Jumamosi ilikuwa inanikimbilia. Nikachukua ya miguu.

"Usiifunike," mzee akasema. "Iwe mbali na kitanda na pazia, kama mita moja. Na plagi iende moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye..."

"Ndiyo, ndiyo," nikaitikia, boksi tayari liko kwapani.

Chumbani soketi iko karibu na mlango, kitanda kiko upande wa pili. Nikawaza, Mama atapata joto gani kitu kikiwa mlangoni? Nikachukua ekstensheni yangu ya jikoni, nikaipitisha chini ya zulia ili Mama asijikwae, hita nikaiweka mita moja kutoka kitandani. Nilipima kabisa! Chumba kikapata joto, Mama akavua sweta moja kati ya tatu, nami nikajipongeza.

Alhamisi asubuhi nakuta hita imevalishwa. Sweta mbichi juu, soksi pembeni, taulo mbele. Yenyewe imezima, maana ina kifaa cha kujizima ikizidiwa na moto, na Mama amekaa anaitazama kwa huruma.

"Imechoka mapema hii," akasema.

"Mama! Haijachoka, umeiziba pumzi! Unataka kutuchoma?"

"Nguo zilikuwa mbichi, na joto linapotea bure."

Hapo hasira zikanipanda. Nikazivuta zile nguo, nikazitupa kwenye beseni, nikasema neno ambalo mpaka leo likinijia nafumba macho. Nilisema, "Bora kaka akuchukue tu, mimi siwezi kulea mtu mzima asiyesikia."

Mama akainuka, akaliokota beseni, akaenda kuanika nje kwenye ukungu. Toka hapo hakuivalisha hita kitu tena, wala mimi hakunisemesha zaidi ya salamu.

Jumamosi asubuhi nikaenda kukagua kabla kaka hajafika. Nafungua mlango, baridi inanipokea. Hita imezimwa, plagi ya ukutani imechomolewa, na Mama amekaa kitandani na koti na sweta zote tatu.

"Mama, leo ndiyo siku ya kunifanyia hivi? Kaka yuko njiani!"

"Kuna kitu kinaungua."

"Hakuna nguo hapa. Nimeangalia."

"Sijasema nguo." Akaongea taratibu, kama anayemweleza mteja kwa nini doa halitatoka. "Pamba ikiungua naijua. Sufu naijua. Nailoni naijua tangu haijabadilika rangi. Hii si nguo. Hebu inua hilo zulia lako."

Nikainua huku nikisonya, nikijua nitamwaibisha. Chini ya zulia palikuwa na alama ya kahawia, ndefu kama kiganja. Kichwa cha ekstensheni, pale hita ilipochomekwa, kilikuwa kimelainika na kuinama upande mmoja. Nikakigusa, kilikuwa bado kina uvuguvugu. Nikakaa palepale sakafuni.

Mama alikuwa analala hatua mbili kutoka pale. Mtego ule niliutega mwenyewe, kwa mikono yangu, halafu nikamtukana kwa sababu ya soksi.

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Inuka, sakafu ina baridi," akajibu.

Nikamwita fundi umeme wa mtaani. Alikiangalia kile kichwa, akatikisa cha kwake. "Shangazi, hii ekstensheni ni ya kuchajia simu na kuwashia taa. Hita inakula umeme mwingi, waya mwembamba unapata moto, na wewe ukaufunika na zulia usipumue." Akanitazama. "Nani alifunga?"

"Malaika," nikasema. Akacheka, mimi sikucheka.

Akatoboa ukuta, akavuta waya mnene, akafunga soketi mpya mbali na kitanda na pazia. Hita ikachomekwa hapohapo, plagi ikaingia hadi mwisho bila kulegea. Mama akaivuta meza yake ya pasi. Akailaza sakafuni kuanzia kwenye hita, ikawa kipimo chake, akahamisha kamba yake ya ndani ya kuanikia mpaka ikawa mbali na hita kwa urefu wa meza nzima. "Nguo zangu hazivuki hapa," akatangaza. Fundi akampa mkono.

Kaka akafika saa nane. Chumba kilikuwa na joto zuri, Mama ana sweta moja tu, anapiga pasi. Kaka akazunguka kama mkaguzi, akagusa hita, akagusa pazia, akaridhika. Kisha akaona alama ya kahawia sakafuni, maana zulia nilishalitoa.

"Hii nini? Mama, umefanya nini tena?"

Mama akaendelea na kola. Nikaelewa kwamba hatasema. Alikuwa tayari apakiwe kwenye lile gari kuliko kunitaja mimi mbele ya kaka yangu. Nikisema kweli, kaka angeweza kusema nyumba yangu si salama na kumchukua. Nikinyamaza, angemchukua vilevile, na kosa liende naye.

"Ni mimi," nikasema. "Nilipitisha ekstensheni chini ya zulia. Ikayeyuka. Mama ndiye aliyenusa na kuchomoa. Bila yeye, leo ungekuta habari nyingine."

Kaka akanitazama, akamtazama Mama.

"Basi anayehitaji kuhamishwa ni wewe," akasema. "Mama abaki."

Mama alicheka mpaka kikohozi kikamrudia, ikabidi aweke pasi pembeni. Jioni ile kaka alienda mwenyewe dukani, akarudi na ile bapa ya ukutani, iwe ya kutwa nzima. Ya miguu tukaihamishia kwangu, kwenye soketi yake peke yake.

Siku hizi kila asubuhi Mama anapita jikoni kwangu kabla sijaamka vizuri. Anasogeza mgongo wa mkono karibu na kila plagi, moja baada ya nyingine, ananusa. "Bado," anasema, kisha anaenda zake kupiga pasi. Na mimi, na mdomo wangu wote huu, namwambia tu asante Mama.