Rangi ya Mama Mkwe

Mtaani walimwita Fumua, na hakuna aliyemwonea. Alikuwa akidarizi mashuka na foronya za kuuza, sebuleni kwake, kwenye kiti kinachotazama dirisha, na akiona mshono mmoja umekwenda kombo alilifumua ua zima, kisha akalionea huruma jani lililobaki peke yake, akalifumua nalo. Wateja walijifunza kumdanganya tarehe. Bi harusi wa mwezi wa nane alimwambia harusi ni mwezi wa tano, akaja kumlilia mwezi wa saba, na kwa njia hiyo kila mtu alilalia shuka lake kwa wakati.

Nyumba yenyewe ilikuwa imevishwa nguo. Redio ilikuwa na kitambaa chake, chupa ya chai ilikuwa na chake, na rimoti ya televisheni ilikaa ndani ya kifuko chenye maua mawili na kifungo, hivyo kubadilisha stesheni ilikuwa kazi kama ya kumvua mtoto fulana. Mumewe, fundi saa mwenye meza yake ya kazi pembeni mwa sebule, alikuwa akisema haogopi kitu duniani ila kusinzia karibu na mkewe, asije akaamka ameshatiwa kwenye foronya.

Ugonjwa huu Fumua aliupata kwa mama yake, tena kwa machozi. Alipokuwa mtoto shambani, mama alimfundisha kushona kwenye magunia ya unga yaliyofuliwa, wakiwa wamekaa mlangoni mwa ghala baada ya kazi. Mama hakuwa na habari na uzuri wa maua. Aligeuza kitambaa, akapitisha kidole polepole upande wa nyuma, na kidole kikigonga kinundu cha uzi, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, alisema neno moja tu: "Fumua." Mtoto alilia, akafumua. Baada ya miaka mingi alimsimulia mumewe kisa hicho kwa uchungu, na mumewe, badala ya kumpa pole, akampa jina.

Sasa mama huyo alikuwa mzee, anaishi kwa Fumua katika chumba kinachopakana na sebule. Shamba lilikuwa limekwenda. Barabara kuu ilipita katikati ya mahindi, na pale palipokuwa na nyumba pakawa yadi ya malori. Picha ya shamba haikuwapo hata moja. Picha pekee ya zama zile ilimwonyesha baba yake Fumua akiwa studio, amejikaza kama mlingoti mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, mahali ambapo hakuwahi kufika wala hakuwa na hamu ya kufika.

Kisha macho ya mama yakaanza kuchoka. Daktari alisema kwa upole kwamba upasuaji hautasaidia, nuru itapungua kidogo kidogo mpaka izimike, na hakuna ajuaye lini. Waliporudi, wakiwa mlangoni, mama akasema, "Nyinyi siwapotezi. Nawajua kwa kikohozi na kwa kuburuta ndala. Ila ningependa kuuona ule uwanja wetu mara moja tu, kabla giza halijaingia."

Fumua alijifanya anatafuta funguo. Kesho yake aliweka kando mashuka ya maharusi wawili, akatoa kitambaa cheupe kipana, akaanza kumdarizia mama yake shamba. Alifanya kwa siri ili iwe zawadi, na alifanya kwa haraka, kwa kiasi anachoweza mtu kama yeye.

Mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Nyumba ikasimama, na bati lake lenye kutu kwenye kona. Mpera ukachipua. Ghala likainama upande ule ule lilioinamia siku zote. Kisima hakikumsumbua hata chembe: kilikuwa kushoto mwa nyumba, chini ya mpera, na yeye ndiye aliyechota maji pale kila asubuhi ya utoto wake. Angefumbwa macho leo angekwenda na ndoo asijikwae. Akakimaliza, akahamia kwa ng'ombe, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ng'ombe wao aliitwa Mama Mkwe. Baba ndiye aliyempa jina, kwa sababu, alisema, mnyama yule alimtazama kwa jicho la kumpima na hakuridhika na chochote alicholetewa. Jina lilikaa vizuri mpaka siku bibi yao, mama mkwe wa kweli, alipokuja kuwatembelea bila taarifa. Alikuwa anaingia uwanjani wakati baba, nyuma ya nyumba, anapiga kelele: "Mama Mkwe! Umekula mahindi ya watu tena! Tumbo hilo halina haya? Leo nakufunga kamba!" Bibi aligeuza palepale, kikapu kichwani, na baba akalazimika kwenda kuomba radhi akiwa amevaa koti alilofungia ndoa.

Kwa hiyo Mama Mkwe asingeweza kukosekana kwenye kitambaa. Tatizo ni kwamba Fumua, aliyekuwa mkamuaji wa nyumba, alimjua kwa upande wa chini tu. Alikumbuka chuchu, kwato na mkia uliomchapa shavuni. Rangi haikumjia kabisa. Akawapigia simu ndugu zake.

Ndugu zake walikuwa watu wa simu hasa. Walipiga, wakauliza kama Mama hajambo, wakasema watakuja, wakakata. Lakini swali la rangi ya Mama Mkwe liliwagusa pabaya, na Jumapili ile wakatokea wote watatu.

"Alikuwa mwekundu," alisema dada mkubwa, mkunga mstaafu, kwa sauti aliyozoea kuwaambia watu wasukume. "Mwekundu kama udongo. Andika mwekundu."

"Mweusi," alisema kaka yao. Huyu alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, na mpaka leo alimsalimia mtu kana kwamba anamshuku. "Mweusi ti. Nilikuwa namtafuta gizani, simwoni."

"Jamani, mna wazimu?" alisema kitinda mimba, msusi mwenye saluni yake. "Alikuwa na mabaka meupe! Moja lilikuwa hapa begani, nilikuwa naliegemea nikisinzia."

"Wewe wakati huo ulikuwa unakula mchanga," kaka alimwambia.

"Nilikuwa nakula mchanga na macho yangu yako wazi!"

Fumua akashona mwekundu, kwa kuwa dada ni dada. Jumapili iliyofuata kaka alikuja, akakitazama kitambaa, akasukuma sahani ya chakula mbele. Fumua akafumua, akashona mweusi. Kitinda mimba akaja na machozi, akasema amefutwa katika utoto wake. Fumua akafumua. Wakawa wanakuja kila Jumapili, kila mmoja akiogopa wenzake watapitisha rangi yeye hayupo. Kaka alileta hoja mpya kila mara. Dada alileta kuku, ili waliokaa upande wake washibe.

"Mshone nyuma ya ghala," fundi saa alishauri bila kuinua kichwa kwenye saa yake. "Kichwa tu kitokeze."

"Na kichwa hakina rangi, shemeji?" kaka aliuliza.

"Mnagombania nini huko?" Mama aliita kutoka chumbani.

"Siasa, Mama!" wakajibu kwa pamoja.

"Basi semeni kwa sauti, na mimi nisikie siasa."

Wakazidisha sauti. Kutoka rangi waliingia kwenye mahindi, nani alilala badala ya kufukuza ndege, nani alitumbukiza ndoo mpya kisimani akasingizia upepo, nani alikula mapera mabichi akapelekwa kwa mganga mkuu wa zahanati amepanda baiskeli kinyumenyume. Fumua alisikiliza, akacheka mpaka akadondosha sindano, kisha akikumbuka daktari alikatika kicheko. Pale aliposimama Mama Mkwe, kitambaa kilikuwa kimetobolewa na kufumuliwa mpaka kikabaki chepesi kama ngozi ya kitunguu.

"Mweke rangi yoyote, mke wangu," mumewe alimwambia walipobaki wawili. "Muda unakwenda."

"Siwezi kumwonyesha Mama uongo. Ni mara ya mwisho anaona."

"Asipoona kabisa je?"

Kwa siku mbili nzima alimpa chai isiyo na sukari.

Asubuhi moja alimpelekea mama uji. Dirisha lilikuwa wazi, jua limeingia mpaka kwenye magoti ya mama. Mama akageuza uso kuelekea kwenye mlio wa bakuli, akasema taratibu, "Fungua dirisha, mwanangu. Mbona leo mmenifungia?"

Fumua aliweka bakuli chini. Alikwenda dirishani, akalifunga kimya kimya, akalifungua tena kwa kishindo ili mama asikie. Kisha akaenda jikoni, akalia mpaka kitambaa cha kufutia vyombo, chenye maua manne ya bluu, kikalowa chote. Alikuwa amechelewa. Maisha yake yote alikuwa akichelewa, watu wakamcheka na yeye akacheka nao, lakini hili halikuwa shuka la harusi.

Jumapili ilikuwa bado mbali. Aliwapigia wote watatu akasema, "Njooni leo," na kwa sauti ile hakuna aliyeuliza sababu. Walipoketi aliwapa vidonge vyao mmoja mmoja, dada kwa ubishi wake, kaka kwa hoja zake, kitinda mimba kwa machozi yake, akamalizia kwa kujitukana mwenyewe. Walibaki wameinamisha vichwa.

"Basi mshone mweusi," dada mkubwa alisema kwa sauti ndogo. "Kaka yenu yuko sahihi."

"Hapana, dada. Mwekundu," kaka alisema. "Wewe ndiye mkubwa."

"Mimi mabaka nayaacha," kitinda mimba alisema huku akipenga kamasi. "Mwekundu. Au mweusi."

"Mweusi, nimesema!"

"Sikubali, ni mwekundu!"

Fumua aliwatazama wakianza kugombana upya kwa kuachiana, akasema liwalo na liwe. Akachukua uzi mwekundu, mweusi na mweupe, akazisokota nyuzi hizo pamoja, akazitia kwenye sindano ya kushonea magunia, akamshona Mama Mkwe juu ya makovu yale yote, mshono juu ya mshono, bila kuangalia nyuma. Alipomaliza, ng'ombe alikuwa amevimba kwenye kitambaa kama andazi. Mwenyewe aliona aibu. Tangu utoto hakuwahi kushona kitu kibaya kama kile, akakikunja akakiweka chini ya kiti.

"Hiyo siasa imekwisha?" Mama aliita. "Haya, leteni hicho kitambaa."

Walitazamana. Fundi saa ndiye aliyeinuka, akakitoa chini ya kiti, akaenda kumwekea mama mapajani. Wengine walimfuata, wakajipanga mlangoni.

Mama hakukigeuza upande wa nyuma. Alipitisha kidole juu, taratibu kama zamani. Akapita bati, akatabasamu kwenye kona yenye kutu. Akafika kwenye ghala. "Bado limeinama," alisema. Kisha kidole kikagonga uvimbe, kikasimama.

"Hapa pana kinundu," alisema.

Fumua, mtu mzima mwenye wajukuu, alifumba macho akisubiri lile neno.

"Mnene," alisema Mama, na kiganja chote kikalala juu ya ng'ombe. "Ndiye huyu. Amesimama anakodolea mahindi ya watu."

Kaka yao ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Mama, samahani. Alikuwa rangi gani?"

"Mama Mkwe yupi?"

"Kwani walikuwa wangapi?"

"Watatu. Yule mwekundu alikufa dada yenu alipokwenda kusomea ukunga. Akaja mweusi, huyo ndiye wako. Wa mabaka alikuja wewe umeshaanza kazi ya treni. Baba yenu alikuwa mvivu wa kufikiria, kila akinunua ng'ombe anampa jina lile lile."

Dada mkubwa alikaa kitandani bila kukaribishwa. "Mama! Na wakati wote tunagombana ulikuwa unasikia?"

"Ukuta huu ni mwembamba, na nyinyi mna midomo ya mnadani."

"Sasa mbona hukutuambia?"

Mama alilainisha kitambaa mapajani. "Ningewaambia, Jumapili mngekuja kufanya nini?"

Kaka yao alikohoa, akatafuta leso mfukoni, ile aliyodariziwa na Fumua, akajifanya ana mafua. Kitinda mimba hakujifanya chochote, alilia waziwazi. Fumua alitazama macho ya mama yake yaliyokuwa yametulia upande wa dirisha, akaona ajabu kwamba uso ule haukuwa na huzuni. Ulikuwa uso wa mtu aliyekaa uwanjani kwake.

Kidole kikaendelea na safari. Kikavuka mlango wa nyumba, kikaenda kushoto, kikafika chini ya mpera, kikagusa kisima. Hapo kikatulia kitambo.

"Kisima mmekikosea," Mama alisema. "Kilikuwa upande wa pili, nyuma ya ghala."

Fumua alifungua mdomo. Bega lake lenyewe, lililobeba maji kutoka chini ya mpera ule, lingeweza kutoa ushahidi. Kisha akaona pembe ya mdomo wa mama yake inavyotetemeka, kama ya mtu anayebana kicheko, akaufunga.

"Kweli, Mama," alisema. "Nimekikosea."

"Nyuma ya ghala?" kaka aliruka. "Hapana, Mama, kilikuwa karibu na njia!"

"Njia ipi wewe?" dada mkubwa alidakia. "Jumapili nakuja nawaonyesha kwa kuchora!"

"Na mimi nakuja," alisema kitinda mimba. "Safari hii hamnifuti."

"Basi," alisema Mama, akimrudishia binti yake kitambaa, "fumua."

Fumua akachukua wembe wake, na kaka yao akauliza Jumapili chakula kitakuwa saa ngapi.