Jicho la Mkunga Ukutani

“Tangu mniwekee hilo jicho sijashona nguo ikakaa sawa! Mashine inatafuna nyuzi, wateja wakifika mlangoni wanageuza, hata paka wangu amehama! Unataka nini tena, Bi Kuta? Nife ndiyo uridhike?”

Anayepiga kelele ni fundi cherehani, kasimama katikati ya barabara, futi ya kupimia shingoni, pini zimechomekwa kifuani kama nishani za jenerali. Anayepigiwa kelele yuko juu ya ngazi, na wala hajageuka.

“Paka wako kahama kwa sababu humlishi,” akajibu Bi Kuta, brashi ikiendelea kufuta mistari ya chaki. “Na mashine yako ilikuwa inatafuna nyuzi kabla mimi sijaijua njia ya mtaa huu. Suruali yangu shahidi.”

Watu wakaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomwaga petroli. Fundi cherehani anavumilia kutukanwa, ila kuchekwa hawezi.

Ukuta wenyewe ni wa ghala, ubavu wake wa nje, mrefu kama treni, na bahati mbaya unatazamana uso kwa uso na duka la fundi cherehani. Juu yake sasa kuna sura ya bibi mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani. Jicho la kulia linatazama mbele, pole, la mtu wa watu. La kushoto ndilo lenye kesi. Limebana, limetupwa pembeni, linakuangalia kama umekanyaga godoro lake na viatu. Bibi huyo ni marehemu mkunga, aliyewapokea kwa mikono yake nusu ya watu wa mtaa ule, na fundi cherehani ni binti yake wa pekee. Akiinua uso kutoka kwenye mashine, jicho liko naye. Akiinama, anahisi bado liko naye.

Bi Kuta hakuzaliwa na jina hilo, kapewa na watu kwa sababu ya kuta. Baba yake alikuwa mwandika vibao, na yeye akaanzia hapo hapo, akichora vichwa nje ya vinyozi, vichwa vyenye masikio kama vipini vya sufuria. Akachora ng’ombe wa mwenye bucha, na mwenye bucha akamrudisha amwongezee ng’ombe unene, kisha amwongezee tena, mpaka mnyama akafanana na basi. Alipokomaa alipata ukuta mkubwa kule stendi. Akauchora peke yake, ndege watupu, rangi zinameremeta, watu wakasimama kupiga picha. Wiki haijaisha, ndege wote wamezikwa chini ya matangazo ya wang’oa meno na mafundi simu. Bi Kuta akamkamata mmoja akiwa na ndoo ya gundi mkononi.

“Hukuona kama hapa kuna ndege?”

“Nimewaona,” akasema yule bwana bila wasiwasi. “Ni wa nani?”

Swali hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Toka siku hiyo hakuchora tena ukuta peke yake. Akija mtaani anawauliza watu wenyewe wanataka sura ya nani. Wakishamaliza kugombana, anachukua picha ndogo ya mtu huyo, anaikata mistari iwe miraba, kisha anapiga miraba ile ile ukutani kwa chaki na kamba, mikubwa. Kila nyumba inaokota kura kwenye kopo la rangi na kupata mraba wake. Mwenye kidevu apake kidevu, mwenye kitambaa apake kitambaa. Yeye kazi yake ni kuchanganya rangi, kushika ngazi na kutukana. Sheria ni moja tu: mraba ukishapakwa, haugusi mtu mwingine. Hata yeye mwenyewe, ukimkera vipi, mikono mfukoni. Kuna ukuta mmoja upande wa sokoni mchukuzi mzee ana sikio la zambarau, kwa sababu nyumba iliyopata sikio ilipenda zambarau. Liko hivyo mpaka kesho. Lakini jaribu kusogea pale na gundi uone akina mama watakavyokutokea na mafagio.

Ndiyo maana fundi cherehani aliposema, “Shuka, nipe brashi, nilifute mwenyewe,” Bi Kuta akashuka kweli, ila brashi akaificha nyuma ya mgongo.

“Mraba wako ulikuwa shavu. Shavu umelipaka, zuri, limenona. Jicho si lako.”

“Mama ni wangu!”

“Mama wako. Mraba si wako.”

“Sikiliza maneno ya mtu anayejiita msanii! Mama yangu ana kipande changu na kipande cha adui yangu!”

Adui alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye karakana pale kwenye kona. Kwamba yeye na nyumba ya mkunga hawasalimiani, mtaa mzima ulijua. Sababu walishaisahau wengi, wakabaki na tabia tu ya kuwaona wakipishana kama magari kwenye daraja jembamba.

Na hapa kuna jambo ambalo Bi Kuta peke yake alikuwa akilitafuna. Siku ya kura, jicho hakulipata mchomeleaji. Alilipata muuza mkaa, na muuza mkaa akaingiwa na baridi. Jicho la marehemu! Akiliharibu ataficha wapi uso? Mchomeleaji yeye kapata kona ya juu, anga tupu. Jioni ile ile akamfuata Bi Kuta akiwa bado na miwani yake myeusi kipajini.

“Nibadilishie. Nipe jicho.”

“Utaliharibu kwa makusudi?”

“Nitalipaka nilivyoliona.”

Bi Kuta angeweza kusema hapana. Lakini alishachoka na macho yanayopakwa na wanaompenda mtu. Yanatoka kama vifungo vya koti, ya duara, hayana mtu ndani. Akamtazama huyu bwana aliyebana taya, akajisemea, huyu atanipatia jicho linaloona. Akambadilishia kimya kimya. Muuza mkaa alishukuru hadi akasahau kuuliza swali, na siri akaifunga mdomoni. Jicho lilipotoka, Bi Kuta alisimama mbele yake akilitazama. Alikuwa hajawahi kupata jicho kama lile kwenye ukuta wake wowote.

“Mama zangu, mama zangu!” Huyo ni mwenyekiti wa mtaa, anakuja na ndoo ya chokaa mkono mmoja na rola mkono wa pili, anahema. “Mwenye ghala kanipigia. Anasema alitoa ukuta, hakutoa uwanja wa ndondi. Kama hampatani sasa hivi, napaka chokaa wote, juu mpaka chini, twende tukalale.”

“Wote?” Bi Kuta akauliza. Sauti yake ilipungua kidogo.

“Uso mzima. Mimi sina mkono wa kuchagua jicho niache pua.”

“Paka!” akasema fundi cherehani. “Afadhali mama asionekane kabisa kuliko kunikodolea hivyo kama mwizi.”

“Na mashavu? Na mikono ya watu wote hawa?”

“Mikono yao wakanawe!”

Watu wakaanza kurushiana maneno. Mwenye kidevu anadai kidevu chake hakina kosa. Mwenye kitambaa anasema yeye hata hakulala akipaka yale maua. Mwenyekiti akachovya rola kwenye ndoo. Ndipo mchomeleaji akatokea kwenye kona, kaacha cheche zake, akapita katikati ya watu bila kuomba njia.

“Weka hiyo rola chini, mzee. Jicho ni langu, nitasema mimi.”

“Ulichora uongo!” fundi cherehani akamrukia. “Mama hakuwa na jicho hilo! Alikuwa anawaangalia watu wote sawa!”

“Mimi hakuniangalia sawa.” Hakupaza sauti, na hiyo ikawa mbaya zaidi. “Nilimtukana pale bombani, nikamwita mchawi mbele za watu. Nilikosa, sikatai. Baadaye mke wangu akashikwa na uchungu, nikaenda kugonga kwenu. Mama yako akatoka, kasimama mlangoni, mkoba wake wa kazi uko tayari mkononi. Akaniangalia hivyo hivyo.” Akanyoosha kidole ukutani. “Akasema, mpeleke kwa wasio wachawi. Akafunga. Mke wangu nilimpata, mtoto sikumpata. Sasa nani mwongo?”

Bi Kuta alipompa jicho alijua anampa mtu mwenye hasira, na hasira ndiyo aliyoitaka. Lakini hakumuuliza imetoka wapi. Aliitia kwenye kazi yake kama mtu anavyotia rangi kwenye kopo.

Fundi cherehani alikuwa kaishika ile futi shingoni kwa mikono miwili, kama inamnyonga.

“Ule mkoba niliufunga mimi,” akasema. “Nilikuwa nyuma yake. Nilidhani anatoka.”

Mchomeleaji akamtazama kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Macho yake mekundu, ya moto wa kuchomelea, hayakuwa na huruma, ila yalikuwa yanasubiri.

“Basi sema wewe, dada. Ukisema nifute, nafuta kwa mkono wangu. Ila sitalichora lingine.”

Fundi cherehani aliutazama ukuta, kwanza shavu alilolipaka, halafu jicho. Kisha akamgeukia mwenyekiti kwa ukali kana kwamba ndiye aliyemkosea tangu asubuhi.

“Ondoa chokaa yako hapa! Unamwagia watu miguuni!”

Mwenyekiti akainua ndoo haraka, asiulize mara mbili. Kama kuna mtu alidhani hapo watapeana mikono, hawajui hawa wawili. Mchomeleaji alishageuka kurudi karakana, na fundi cherehani alimsindikiza na msonyo uliosikika mpaka ng’ambo. Kisha akageuka pole pole mpaka akamfikia Bi Kuta, aliyekuwa ameinama akifunika makopo kwa kisigino, moja baada ya jingine, kama mtu mwenye basi la kuwahi.

“Na wewe. Nyumba zote hizi mtaani, hilo jicho likamwangukie yeye? Kura ulitikisa mbele yetu, unatuambia ni bahati. Nitazame, mama. Lilimwangukia kweli, au ulimpa wewe?”

Watu wote wakamgeukia. Muuza mkaa alianza kusoma mawingu.

Bi Kuta akakaza mfuniko wa mwisho. Akatia brashi kwenye mkoba, akaiinua ngazi, akaitupia begani, na ngazi ilivyo ndefu watu wakalazimika kuinamisha vichwa ili apite.

“Nakuuliza wewe, Bi Kuta! Ulimpa?”

Kichwa cha ngazi kilikata kona kwanza, kisha yeye, kisha mkia wa ngazi.