Kila Aliyekuja Aliitwa Rose

Harufu ya polishi nyekundu ya sakafu hunirudisha Loresho kila ninapokutana nayo, na hunirudisha vibaya. Ilikuwa likizo ya Agosti, wakati ambapo jua la Nairobi hujificha siku nyingi mfululizo na watu huamka, hufanya kazi na hulala chini ya wingu lilelile la kijivu. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu nyumbani kwetu Uthiru, chumba chenyewe ni kimoja, na shangazi yangu, dada yake baba, akaja kunichukua kwenda kwake Loresho ili mama apumue kidogo. Mimi nilijiona nimepelekwa mbinguni. Nyumba ya shangazi ilikuwa na ngazi, bafu mbili, mbwa wawili wasiopatana na ua wa michongoma ambao hata mtu mrefu hangeweza kuchungulia juu yake. Asubuhi ya kwanza niliposhuka, nilikuta mtu amepiga magoti ukumbini, anasugua mbao za sakafu kwa kitambaa, uso umeelekea chini. Binamu zangu walimruka kama vile mtu anavyoruka kizingiti, wakaenda zao kunywa chai. Nikawafuata.

Huyo ndiye aliyeitwa Rose. Rose wa kwanza aliwalea binamu zangu mpaka wakaanza shule, kisha akaenda kuolewa. Watoto walilia hadi shangazi akachanganyikiwa, na msichana aliyefuata alipoingia akaambiwa, kwa upole tu, kwamba hapa ataitwa Rose, maana watoto wamezoea. Akaja mwingine, na mwingine tena. Kufikia likizo ile binamu yangu mkubwa alikuwa ameanza kuota ndevu, lakini jina lilibaki palepale jikoni pamoja na aproni. Shangazi hakuwa katili, nisimsingizie. Alimpa Rose blanketi nzito, sabuni, magauni yake aliyoyachoka, na Jumapili alimpeleka kanisani kwa gari. Nami, jameni, mtoto wa miaka tisa ningeuliza nini? Niliambiwa Rose, nikasema Rose.

Jikoni ndiko kulikokuwa na joto, kwa hiyo nilishinda huko. Rose alikuwa na kicheko cha ghafla alichokifunika kwa mkono, na aliponisuka alinisimulia habari za Wafula, mtoto wake, aliyemwacha Bungoma kwa mama yake. Wafula alikuwa anajaribu kutembea. Anapenda viazi vitamu. Anamwita kila kuku kwa jina la nyanya yake, balaa tupu! Kisha sauti ilimshuka. Wafula alikuwa na kifua. Alipoondoka alimwacha akikohoa, na baridi hii ilimtia wasiwasi. Alikuwa amemkaririsha kaka yake namba ya simu ya nyumba ya shangazi. Mtoto akizidiwa, kaka angekwenda kwenye simu ya sarafu sokoni, apige, naye Rose angeomba ruhusa na nauli na kuondoka siku hiyohiyo. Kila jioni akishaondoa vyombo alisimama mlangoni, akakausha mikono na kuuliza, "Mama, simu yangu haijaingia?" Shangazi naye, bila ubaya wowote, alimjibu, "Ingeingia ungeambiwa, Rose." Basi alirudi jikoni ametulia. Simu kutoingia, kwake yeye, ilimaanisha Wafula mzima.

Anko, mume wa shangazi, alikuwa akifundisha historia ya kale chuo kikuu, na wakati ule alikuwa anatayarisha mihadhara juu ya utumwa wa Wagiriki na Warumi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuhubiri, na alipenda kutufundisha sisi kwanza, mezani, wakati wa chakula cha jioni. Alituambia kwamba walikuwapo watu wenye akili nyingi, wanaosifiwa mpaka leo, waliokaa wakajadiliana binadamu ni nani hasa, na wengine wao wakaamua kwamba kuna watu waliozaliwa kuwa vyombo vya wenzao, vyombo vilivyojaliwa tu kuongea. Alituambia kwamba mbele ya sheria ya Warumi mtumwa hakuwa na mume, hakuwa na baba, na mtoto aliyemzaa alikuwa mali ya mwenye nyumba. Na mtumwa akishanunuliwa, bwana wake alimpa jina analolipenda yeye mwenyewe, wakati mwingine jina la mji aliponunuliwa. "Hebu fikirini," Anko alisema, kijiko kikiwa hewani, "mtu anaamka asubuhi, hata jina lake si lake! Huo ni unyama gani?" Hakuwa anaigiza. Macho yalimlowa kabisa, nikamhurumia. Kisha akasogeza kikombe chake pembeni bila kugeuka, na chai ikamiminwa. Binamu yangu akauliza kama watumwa hao hawakuwa na hasira. Anko akasema mabwana wengi waliamini watumwa wao wanawapenda, na kwamba yeye hilo ndilo lililomtisha kuliko viboko. Tukaendelea kula.

Simu ilikaa kwenye meza ndogo ukumbini, na hakuna aliyeruhusiwa kuishika ila Anko na shangazi. Sina hakika kama ililia jioni ileile ya mhadhara au ya kesho yake. Kumbukumbu yangu hupenda kuzibandika pamoja. Ninachojua ni kwamba nilikuwepo. Anko alisikiliza, akakunja uso. "Nani? Nekesa? Hapana, kijana, hapa hakuna mtu wa jina hilo. Umekosea namba. Pole sana." Akairudisha simu taratibu, maana alikuwa mtu wa adabu. Ililia tena baadaye, akajibu vilevile, akaongeza kwamba huyo kijana asipoteze sarafu zake bure. Jumapili tulipotoka kanisani ikalia tena. Safari hii alishika shangazi, naye akajibu kama mumewe, kisha akatuambia kuna mtu huko nje anamtafuta Nekesa wake kwa nguvu, maskini, sijui alimpoteza wapi. Tukacheka. Nadhani shangazi aliwahi kuambiwa jina hilo siku ya kwanza, msichana alipofika na begi lake, lakini likampita. Nekesa alikuwa jikoni, mikono ndani ya karai, anaimba kwa sauti ya chini wimbo wa kwaya, kwa sababu wiki nzima ilikuwa imepita na simu yake haijaingia.

Siku chache baadaye, asubuhi ya manyunyu, mwanamume mmoja alifika getini. Alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Bungoma, viatu vimejaa tope, koti linampwaya. Mimi na Rose tulikuwa kwenye baraza ya nyuma tunachambua maharagwe, na mlinzi alinisimulia baadaye kwamba alimwambia, "Boss, hapa hakuna Nekesa. Jaribu geti ingine." Mgeni akasema ni hapahapa. Mlinzi akasema yeye analinda hapa miaka mingi, hajamjua Nekesa yeyote, hapa kuna Rose. Sijui mgeni alifikiri nini. Nilisikia tu sauti yake ikipanda juu ya michongoma, "Nekesa! Nekesa we!" na Rose akawa ameshasimama kabla sijaelewa kwamba aliyeitwa ni yeye. Alikimbia, nami nikamfuata.

Kaka yake alivua kofia. Aliongea Kibukusu, maneno machache, na katika hayo nililitambua moja tu, Wafula. Nekesa alikaa chini kwenye kokoto zilizolowa, akatoa sauti iliyofanya hata mbwa waache kubweka. Niliogopa sana. Kaka akamgeukia mlinzi kwa Kiswahili, hata hakuwa na hasira, alikuwa mtu aliyechoka. "Tulipiga simu. Tulipiga mpaka tukachoka. Mkasema hayuko. Sasa tungengoja kuzika mpaka lini?" Wakati huo Anko alikuwa ametoka nje na karatasi zake za mihadhara mkononi, anauliza kuna nini. Nekesa akainua uso.

"Nani alishika simu?"

Anko alimtazama yeye, akamtazama mgeni, akanitazama mimi. "Lakini walikuwa wanamtafuta Nekesa," alisema.

"Ndio mimi," akasema. "Mimi ndio Nekesa."

Aliondoka na kaka yake kabla manyunyu hayajakatika, begi lake likiwa nusu wazi. Jioni shangazi alirudi kutoka kazini akakuta maharagwe bado mabichi, akalalamika kwamba wasichana wa siku hizi huondoka bila hata kuaga. Mlinzi alipomweleza, alikaa kitini, kisha akasema angetuma rambirambi kama angejua anwani. Anko aliambiwa msichana amepata msiba. Msiba wa nani, hakuuliza. Alikuwa na mhadhara asubuhi. Kabla sijarudi Uthiru alikuja msichana mwingine, mrefu, mwenye haya. Sitawaambia alipewa jina gani.

Leo naishi Muthangari, katika majumba ya ghorofa yenye lifti na walinzi wanaokupigia saluti. Mambo yamebadilika, tunaambiwa. Kuna sheria, kuna siku ya mapumziko, kila mtu ana simu yake mfukoni. Lakini juzi, katika kundi letu la wakazi la simu, mama mmoja aliandika, "Nani anajua msichana mzuri? Asiwe na mtoto, na asiwe mtu wa simu." Akajibiwa na watu wengi, wote wema, wote wamesoma, mmoja akaweka na alama ya mikono inayosali. Nilikasirika mpaka chai ikanipoa mkononi. Jumamosi nikaenda Loresho kumwona Anko. Shangazi ameshafariki, yeye amestaafu, na siku hizi huwafundisha wazee wa kanisa somo la utu, bado kwa sauti ileile. Nilimuuliza kama anamkumbuka Nekesa. Hakumkumbuka. Nikamwambia ni yule Rose aliyeondoka na kaka yake siku ya manyunyu, akafurahi kwamba kumbe akili bado inafanya kazi. "Aah, huyo! Alikuwa na bidii sana huyo. Si alipata msiba? Alifiwa na nani vile?"

"Mtoto wake, Anko."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, mzee wa watu, hata miwani akaivua.

"Kwani alikuwa na mtoto?"