Mkalimani wa Nyuma ya Pazia

Mwaka 1967 Wafula, karani wa Amu aliyefukuzwa kazi kwa kulalia mafaili, alisikia kwamba mama wa Kihispania anakuja kupima zidaka, vile vishubaka vya urembo vya kutani, katika nyumba za kale, naye anatafuta mkalimani. Akiikosa kazi hiyo, ni Bungoma, kupalilia mahindi ya baba yake mdogo. Zilibaki wiki sita mgeni afike. Akaagiza kitabu cha Kihispania Mombasa.

Alikuwa amepanga sabule ya mjane Bi Hadia, chumba cha wageni wa kiume karibu na mlango. Ng'ambo ya pazia, kwa wanawake, hajatia hata pua. Kila alasiri alikariri kama mnadi wa samaki: "La mesa, las mesas! El plato, los platos!"

"Bwana Wafula," pazia likauliza, "hiyo *la* ni nini?"

"Meza ni mwanamke, Bi. Sahani ni mwanamume, huyo ni *el*. Wakiwa wengi, *las* na *los*, kisha jina unalitia *s* mkiani."

"Meza mwanamke! Ndiyo maana hubebeshwa kila kitu. Na mkate?"

"El pan. Mwanamume. Wengi, los panes."

"Lo! Nikande mimi, nioke mimi, kisha awe mwanamume!"

Bi Hadia aliandika majina yote kwa hati za Kiarabu alizosomea chuo cha Kurani, akavibandika vikaratasi jikoni kote.

"Wataka kwenda Hispania, Bi?" Wafula akamcheka.

"Mjane lazima ajue wanaume waliomo nyumbani mwake."

Señora Amparo akaja. Wafula, tai shingoni, alimpokea gatini, akamleta nyumbani aonyeshe ujuzi wake. Pazia likafunguka, mkono wenye hina ukamvuta mgeni ndani. Wafula akavua viatu afuate.

"Wewe wenda wapi?"

"Mimi ndiye mkalimani!"

"Ndia ya wanaume ni hiyo uliyoingilia."

Hapo ndipo alipong'amua. Mgeni wa kike hupokewa ndani, na zidaka ziko huko huko. Wiki sita alikuwa akisomea kazi asiyoweza kuikaribia. Akakaa barazani, akisikia "Los platos! Las mesas!" na vicheko.

Señora alitoka akiwa ameshapata mkalimani wake: Bi Hadia.

"Lakini hati zangu hawezi kuzisoma," Bi Hadia akasema, pazia likitikisika kwa kicheko. "Mimi nitasema, wewe uandike kwa hati za kizungu. Kaa hapo hapo."

Wafula aliandika kwao Bungoma kwamba amepata kazi kwa Wahispania. Pazia hakulitaja.