Tuliofichwa Migombani Siku ya Dresa

Mawese yakipashwa moto kwenye kijiko, kabla hayajaanza kutoa moshi, yana harufu tamu kidogo, kama ya boga linaloiva. Harufu hiyo ndiyo inayonijia nikikumbuka shule. Wenzangu watakutajia chaki, au vumbi la sakafu iliyofagiliwa. Mimi ni mawese, kwa sababu nilikaa benchi moja na Yustina Butoyi, na kila asubuhi mama yake alimlaza ubavu juu ya mkeka, akamtonea mawese ya vuguvugu sikioni. Ndiyo dawa tuliyoijua ya sikio linalotoka usaha. Mafuta yalimchuruzika shingoni yakachora mstari mwekundu kwenye gauni, na chini ya harufu ile tamu kulikuwa na nyingine, ya sikio lenyewe, ambayo sitaieleza. Watoto wengine walihama benchi. Mimi sikuhama. Si kwamba nilikuwa na moyo mwema kuliko wao. Nilikuwa na funza miguu yote miwili, natembea kwa visigino kama bata, nani angenipokea?

Shule yetu ilikuwa upande wa Kitanga, ya udongo na nyasi, na mwalimu mmoja tu, Mwalimu Zakaria. Mkoloni alikuwa bado hajaondoka. Nilisoma pale hadi darasa la tatu, basi, elimu yangu yote ni hiyo. Lakini kichwa changu hakipotezi majina. Naweza kukutajia wote waliokaa mbele na waliokaa nyuma, na baba zao, na nani aliolewa wapi. Mwalimu Zakaria alikuwa mtu mwema, na nataka hilo lijulikane kabla sijasema lililobaki. Alitufundisha kusoma kwa kuimba. Mwaka wa njaa mkewe alituchemshia viazi vitamu vya shamba lake mwenyewe. Shule ile aliipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake wa pekee, na mtoto wa pekee ndiye tunayemharibu kwa kumpenda.

Kiangazi kimoja, maharage yakiwa yameshapigwa na maganda yake yanachomwa kila uwanja, ikaja habari kwamba dresa kutoka Kasulu atapita kukagua afya za watoto. Dresa ndivyo tulivyomwita mtu wa dawa wa siku zile, mwenye baiskeli na sanduku la bati. Ilisemekana anaandika kila kitu katika daftari kubwa, na kwamba shule moja ng'ambo ya mto ilikutwa na watoto wengi wenye upele ikafungwa. Kama ilifungwa kwa upele au kwa kukosa mwalimu, sijui mpaka leo. Maneno yalitosha. Kwetu mgeni haonyeshwi chungu kilichopasuka. Akija, unaazima mkeka wa jirani, unafukuza kuku, na mtoto mwenye makamasi unampeleka nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, na Mwalimu Zakaria akaifanya kwa shule nzima.

Asubuhi ile alitupanga foleni, akapita akitutazama mmoja mmoja, na kila aliyemgusa begani akatoka. Tulitoka saba: mimi na funza wangu, Yustina na masikio yake, Gabrieli na Paskali, ndugu wa tumbo moja, wenye upele, Leokadia wa macho mekundu, Anjelo wa tumbo kubwa, na Serafina aliyekuwa anakohoa tangu mvua. "Ninyi nyote ni wanangu," Mwalimu alisema, "ila leo nendeni mkakae migombani. Na msikohoe." Serafina akakohoa palepale. Tulicheka hata sisi wenyewe.

Migomba ilianza hatua chache nyuma ya darasa. Tulilala kifudifudi juu ya majani makavu, tukamwona dresa akishuka baiskeli. Alikuwa kijana, anatweta kwa mlima. Wenzetu wazima walifunua vinywa, wakageuza masikio, wakanyoosha vidole. Kisha akafungua lile sanduku, na humo hamkuwa na daftari peke yake. Alipanga chupa juu ya meza, na furushi la pamba jeupe kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona. Sauti yake ilitufikia vizuri.

"Mwalimu, hakuna mwenye masikio? Dawa ninayo, nimeibeba toka Kasulu."

"Hakuna, bwana. Watoto wangu ni wazima."

"Hata mmoja? Kila shule ninayopita wapo."

"Hapa hakuna."

Yustina alisikia. Siku zile sikio lake moja lilikuwa bado zima kidogo. Akanitazama, akainuka kwa magoti. "Naenda," akaninong'oneza. "Ana dawa yangu." Nikamshika gauni, pale penye mafuta, nikamvuta chini. "Kaa! Unataka watufungie shule?"

"Linaniuma."

"Kila mtu linamuuma la kwake. Kaa chini, kioza wee."

Ndilo neno nililomwambia. Watoto wengine walimwita hivyo kila siku. Mimi sikuwahi, hadi siku ile. Akakaa. Dresa akaandika, akarudisha chupa zake ndani moja moja, akafunga sanduku kwa kamba, akateremka mlima na dawa ya Yustina nyuma ya baiskeli.

Mchana huo Mwalimu Zakaria alitugawia viazi sisi saba kwanza, kwa furaha, kwa sababu tumeandikwa kuwa shule yenye watoto wazima. Mvua zilipoanza, Yustina alikuwa haitiki tena jina lake. Alichapwa mara mbili kwa utovu wa adabu. Mara ya tatu Mwalimu alisimama nyuma yake akamwita, akamwita tena, kisha akaweka fimbo chini. Alikaa kwenye benchi letu, nafasi yangu, akashika kichwa. Siku ya pili yake alimbeba yeye mwenyewe hadi kwa watu wa misheni, mwendo wa siku nzima, lakini kilichoharibika kilikuwa kimeshaharibika. Yustina hakurudi darasani. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Kwetu hata kilio hakikuwapo, ni kimya tu. Aliolewa Mabamba, akazaa watoto sita ambao hajamsikia hata mmoja akilia. Tukikutana tunapigiana makofi ya salamu kama desturi yetu, ananitazama midomo, anacheka. Sijawahi kumwomba msamaha. Sijui jambo lile husemwaje kwa mikono.

Sasa ni mwaka 2014, nami ni mzee wa hapa Rungwe Mpya, kwa binti yangu Adela. Kiangazi hiki alikuja muuguzi, Saida, binti mrefu mwenye hijabu, kwao Tanga, ametoka chuo kufanya utafiti wa afya za wanafunzi: wanaumwa nini, nani anawaangalia, na shule ikipata muuguzi wake mwenyewe kungebadilika nini. Wazazi tuliitwa kikao. Akaeleza kwa adabu, akagawa karatasi za kutia sahihi kwa anayekubali mtoto apimwe. Tukapiga makofi. Alipoondoka, kikao chenyewe kikaanza njiani.

"Mimi namleta Tumaini tu," alisema Mama Tumaini, jirani yetu. "Yule mdogo mwenye upele atalinda ndege shambani."

"Kwa upele ule, ndege watamkimbia," mwingine akamtania.

"Chekeni! Mnataka tuandikwe Waha wachafu, wakasome huko Dar?"

Adela wangu hakucheka. Alisema taratibu, "Zawadi naye abaki na mbuzi." Zawadi ni mjukuu wangu wa miaka tisa. Sikio lake la kushoto lilianza kutoka usaha tangu mvua, na sisi, nani mwingine, tulikuwa tunamtonea mawese.

Tulirudi nyumbani. Tulipokaa kuchambua maharage ndipo nikamsimulia Adela habari ya migomba, yote, na lile neno nililolitamka. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Mama, miaka yote hii unaniambia mama mdogo Yustina alizaliwa hivyo."

"Nilikudanganya, mwanangu."

Sikuomba anihurumie, na hakunihurumia. Aliifuta mikono, akaitafuta ile karatasi chini ya godoro, akaandika jina lake.

Kesho yake nilimpeleka Zawadi shuleni mimi mwenyewe. Saida alifungua sanduku lake la dawa, akamulika sikio kwa kitochi, akalikausha kwa utambi wa pamba, akamwandikia aende kituo cha afya. Kisha akaniuliza, "Bibi, wenye masikio ni huyu peke yake?"

Majina nilikuwa nayo yote mdomoni, ya watoto na ya mama zao. Nikayameza, kwa sababu mtoto wa mtu hatajwi mbele ya mgeni mama yake hayupo. "Binti yangu," nikamwambia, "usifunge sanduku. Ningoje." Nikaenda mlango kwa mlango na fimbo yangu. Mama Tumaini alinipokea mikono kiunoni: "Bibi, siku hizi umeajiriwa na serikali?" Nikamjibu, "Nimeajiriwa na uzee, na haulipi. Mlete mtoto, mama, dawa ipo leo, kesho inaondoka." Alinung'unika, ila alimshika mtoto mkono akaja naye. Wawili hawakunifungulia kabisa. Wengine walikuja, wakiwaficha watoto chini ya kanga mpaka mlangoni, na Saida alipoona foleni ile hakusema "Mlikuwa wapi?" Alisema "Karibuni," akasogeza benchi.

Saida ameshaondoka. Shule bado haina muuguzi. Kuna kabati lenye pamba na spiriti, na mwalimu wa darasa la nne anayejua kuvitumia. Maandishi yake, Saida alituambia, yanapelekwa kwa wakubwa, tusubiri. Tunasubiri. Nikilinganisha, sioni kwamba sisi wa leo ni werevu kuliko Mwalimu Zakaria. Aibu ni ileile, inakaa palepale. Tofauti ni kwamba zamani tuliandikwa wazima tukarudi nyumbani na magonjwa yetu, na mara hii yupo mtoto aliyeandikwa mgonjwa. Adela alimpeleka Zawadi kituo cha afya kila alipoambiwa, na sikio likakauka. Juzi nilikuwa jikoni namsengenya kwa mama yake, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto huyu ni mvivu wa kuosha vyombo. Kutoka nje, mbali kule kwenye zizi la mbuzi, nikasikia: "Bibi! Nimekusikia!" Mama yake alitaka kumkemea kwa kumjibu mtu mzima vile. Nikamshika mkono nikamwambia amwache, arudie tena.