Sifa Nilizompa Mwalimu Kalunde

Mwezi uliopita nilialikwa harusini Kanyenye. Wachezaji walipoingia uwanjani na njuga miguuni, nilisukuma sahani ya pilau pembeni nikaomba nirudishwe nyumbani. Wajukuu walidhani presha imepanda, nami niliwaacha wadhani hivyo. Mlio wa njuga unanirudisha kwenye asubuhi moja ya enzi za Mwingereza, siku niliyozivaa mwenyewe kwa mbwembwe zote. Nilichofanya siku hiyo sijamwambia mtu. Ninyi ndio wa kwanza.

Nilisoma shule ya bweni ya wasichana, ya masista, nje kidogo ya mji wa Tabora, kando ya njia ya zamani ambayo babu zetu walipita wakienda pwani na pembe za ndovu mabegani. Misafara ilikwisha kabla hatujazaliwa, ila sisi tuliifufua mara moja kwa mwaka. Siku ya kufunga shule, wasichana wa darasa la mwisho tulijipanga mstari, kila mmoja na mzigo wake kichwani, tukapita nyumba kwa nyumba za walimu. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara, na njuga zake. Kila mlangoni alisimama akamsifu mwenye nyumba kwa utani mpaka huyo mwalimu atoe hongo. Zamani msafara ndio uliowalipa watemi hongo ili upite; sisi tuligeuza mambo, walimu ndio waliotulipa ili tuwaondokee. Walitoa karanga, sukari guru, siku ya bahati asali. Sharti lilikuwa moja: aliyetaniwa hanuni.

Na tuliwapenda walimu wetu, msije mkafikiri vingine. Mwalimu Yakobo wa hesabu alikuwa na baiskeli aliyoionea huruma kuliko alivyojionea mwenyewe. Mvua ikinyesha aliibeba begani isiguse matope, akafika darasani amechafuka hadi magotini na baiskeli inang'aa. Sista Mkuu alikuwa Mzungu mrefu aliyenukia sabuni ya kufulia. Akikasirika hakupaza sauti, alizidi kuzungumza polepole, na akifika kwenye polepole ile hata mpishi aliacha kukoroga uji. Tuliamini Kiswahili chake kinaishia kwenye sala na mambo ya jikoni.

Mwalimu Kalunde ndiye aliyetufundisha Kiswahili. Alikuwa mjane wa Sikonge, mfupi, mwenye sauti iliyofika mpaka bwenini bila yeye kuipandisha. Hakuzichukua insha zetu kwenda kuzisahihisha chumbani kama wengine. Kila msichana alisimama kando ya meza yake akasoma alichoandika, naye akasikiliza kichwa kimeinama. Penye uvivu alisema, urudie hapo. Ukirudia mara tatu, maneno yako mwenyewe yalikuchosha, ukayafuta bila kuambiwa. Kama leo najua kuandika barua ikaeleweka, ni yeye.

Macho yake yalikuwa yanakwisha. Tulijua sote, na hakuna aliyelitamka. Alipita kati ya madawati akiyagusa kwa kiganja. Mimi, Nyamizi, ndiye niliyemwandikia ubaoni na kumsomea majina ya mahudhurio, na wa madarasa mengine wakiuliza nilisema ni kwa ajili ya mwandiko wangu mzuri. Asubuhi moja mbuzi wa jikoni alikuja akasimama mlangoni, ametulia tuli. Mwalimu aliona kitu cheupe tu, kama sare zetu, akasema, wewe uliyechelewa, ingia ukae. Darasa zima liliuma midomo. Mimi niliyekuwa nimekaa upande wa pili, dirishani, nikajibu, samahani mwalimu. Aligeuza kichwa upande wangu, kisha akaendelea na somo.

Mwaka ule wenzangu walinichagua niwe kirangozi, nami nikavimba kichwa. Kwa Mwalimu Yakobo nilieleza jinsi mkewe alivyoomba naye abebwe begani wakati wa masika, na Yakobo mwenyewe alicheka mpaka akatuongezea karanga. Sista Mkuu alikuwa ameleta kiti chake nyuma yetu, anacheka na watu. Tukafika kwa Mwalimu Kalunde. Nilikuwa nimemwandalia utani mpole kuhusu sauti yake, nikausema, na kicheko kikawa chembamba. Nyuma yangu mtu akapiga miayo.

Miayo ile ndiyo iliyoniponza. Sikuvumilia. Nilifumba macho, nikanyoosha mikono, nikaanza kupapasa. Nilipapasa mabega ya wenzangu, nikapapasa nguzo ya mlango, nikapiga goti nikaiamkia nguzo shikamoo. Uwanja ukapasuka kwa vicheko. Nilipoona hivyo nikaongeza ya mbuzi, aliyeambiwa akae darasani, nikasema huyo ndiye mwanafunzi pekee ambaye mwalimu wetu hajawahi kumrudisha nyuma kwenye insha. Watu walishika mbavu, mizigo ikaanguka.

Mwalimu Kalunde alicheka kuliko wote, ameshika mlango. Alitoa hongo yake, kibuyu cha asali ya kwao, akakinyoosha kushoto kwangu, mahali pasipo na mtu, ikabidi nisogee kukipokea. Nilipogeuka nilimwona Sista Mkuu hacheki tena.

Kabla ya chakula cha mchana niliitwa ofisini. Sista aliniamuru nivue njuga niziache nje. Mezani kwake palikuwa na barua ya kunipeleka chuo cha ualimu, imeandikwa yote, imebaki sahihi. Baba yangu alikuwa ameshakitangazia kijiji kizima kuhusu barua hiyo. Kwa Kiswahili safi kabisa, na polepole, Sista aliniuliza ni nani aliyekuwa akiandika ubaoni mwaka mzima. Akasema anayesaidia kuficha jambo kama hili anaidanganya shule, na shule haiwezi kumtuma mdanganyifu akafundishe watoto wa watu. Kisha akaniambia nisimame pembeni, karibu na kabati.

Mwalimu Kalunde aliingia mkono wake ukifuata ukuta. Sista alimwambia kwamba asiyeona maandishi hawezi kufundisha kuandika, na chumba chake kitahitajika. Mwalimu hakulia wala hakuomba. Alisema daftari zipo, zifunguliwe, na kama daftari hazitoshi yupo msichana anayejua kila kitu kilichofanyika katika darasa lile. Akageuza uso.

"Nyamizi, upo, mwanangu?"

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Neno moja lilitosha: kwamba tulifundishwa, kwamba hakuna aliyetufundisha kama yeye. Niliitazama barua. Nilibana pumzi.

"Nyamizi?"

Nikaendelea kuibana.

"Basi, hayupo," Mwalimu akamwambia Sista.

"Nimeona yanayonitosha, mwalimu," Sista alisema akinitazama mimi, akachukua kalamu, akaitia barua yangu sahihi.

Jioni ileile Mwalimu aliondoka juu ya lori la tumbaku la Sikonge, na sanduku moja. Wenzangu walilalamika kwamba Sista ana roho mbaya, nami nililalamika nao, huku tukipokezana kile kibuyu cha asali mpaka kikaisha. Nyumbani nilisimulia jinsi nilivyochekesha watu. Baba alinifanya nirudie ya mbuzi mbele ya wageni, nikarudia.

Kwa muda mrefu nilijifariji kwa jambo moja, kwamba Mwalimu Kalunde hakujua kuwa nimo mle ofisini. Alifikiri nimetoka, kwa hiyo hakuwa na la kunichukia. Habari ya kifo chake ilinikuta likizoni, nina nauli ya kutosha kufika Sikonge, na bado sikwenda, kwa kuwa nilijiambia hatudaiani kitu.

Nilikuwa nimekwisha kufundisha miaka kadhaa wakati siku moja, nikiandika ubaoni huku nimeligeuzia darasa mgongo, nilimwambia msichana mmoja aache kutafuna. Aliniuliza nimejuaje kuwa ni yeye. Mtoto uliyemfundisha mwaka mzima unamjua hata akinyamaza. Unajua anavyovuta pumzi, na zaidi unajua anavyoizuia. Niliweka chaki chini, nikawaambia wasome kimya, nikatoka nje nikashikilia ukuta.

Alijua kuwa nipo. Mwaka mzima nilisimama kando ya meza yake, karibu kiasi cha kumgusa. Aliniita mara mbili ili nipate nafasi mbili, na nilipozikataa zote akasema sipo, akakubali aonekane kipofu mbele ya Sista kuliko mimi nionekane nilivyokuwa. Mlango ulipofungwa nyuma yake, Sista alinipa barua yangu, nami niliipokea kwa mikono miwili, nikashukuru.