Nyama Iliyokuwa Inabaki

Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, maana shati halikutoka kwenye cherehani yake bila kifungo cha akiba kushonewa kwa ndani, kwenye pindo. Enzi za wanajeshi alinawiri, nisiwadanganye. Umeme haukukatika ovyo, kiwanda cha nguo alikofanya kazi mumewe kilinguruma kutwa, na sare za kambi nzima zilipita mikononi mwake. Kisha ikaja serikali ya kiraia. Tukapewa uhuru wa kusema, na jamani, tulisema! Ila kiwanda kikafungwa, mitumba ikajaa kila kona, naye akabaki kupunguza viuno vya suruali za watu.

Kila umeme ulipokatika aliguna, "Enzi zile nyama ilikuwa inabaki." Mwanawe wa pekee alikua akiusikia wimbo huo. Akasomea uchumi, akahitimu, akarudi kukaa kizingitini kwa mama. Kazi? Thubutu!

Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba wanajeshi wamechukua tena nchi. Vijana wakamiminika barabarani kushangilia. Mwanawe naye akainama kufunga kamba za viatu.

"Usiende," mama yake akasema.

"Mama nawe! Takwimu nimezisoma zote. Uchumi ulikua wakati wao, hawa raia wameudidimiza. Na wewe mwenyewe ni shahidi, nyama ilikuwa inabaki."

Mama Vifungo akaondoa mguu kwenye cherehani. Roho ilimuuma, maana maneno yalikuwa yake mwenyewe.

"Ilibaki kwa sababu nilipika ya watu watatu, tukala wawili. Baba yako hakufa kwa homa, mwanangu. Walimchukua hapa hapa mezani, kisa aliuliza kikaoni mishahara inacheleweshwa kwa nini. Yule aliyemkaba alipoinama, pindo likafunuka, nikaona kifungo changu cha akiba. Sare ile niliishona mimi. Na nikaendelea kuzishona, tungekula nini? Kila jioni nikapika na ya baba yako, nikisema labda leo atarudi."

Nje watu waliimba. Kijana alibaki ameshika kamba ya kiatu.

"Sasa mbona miaka yote hii hukuniambia?"

Mama Vifungo akajifuta macho kwa kitambaa alichokuwa anashona.

"Ulikuwa mdogo," akasema. "Na ulikuwa unashiba."